Mwalimu Nosim Tajeu Anastaafu kwa Mujibu wa Sheria, Si kwa Mujibu wa Kiharusi

Tarehe 30 Juni 2025 Mwalimu Nosim Tajeu, mhadhiri wa fiziotherapia, anahitimisha utumishi wa miaka thelathini na mmoja katika chuo chetu. Anastaafu kwa mujibu wa sheria, kwa kutimiza umri. Tunaomba maneno hayo yasomwe taratibu, kwa sababu wapo waliomwandalia maneno mengine, na yeye akayakataa.

Ni mzaliwa wa Kisongo, binti wa wafugaji. Alisomea fani hii Moshi, akahudumia wagonjwa hospitalini kwa miaka michache, kisha akaja kwetu wakati idara ikiwa chumba kimoja chenye vitanda viwili na dirisha lisilofungika. Siku hizo hata humu chuoni wengi waliamini tunafundisha masaji. Ofisa mmoja alimwomba, katikati ya tafrija ya wafanyakazi, amkande mgongo kidogo. Mwalimu Nosim akamlaza sakafuni pale pale, na suti na tai yake, akamfanyisha mazoezi mpaka jasho likamtoka. Yule bwana aliinuka akiwa na nafuu. Neno masaji halikutajwa tena mbele ya mwalimu.

Ugomvi wake mkubwa wa kwanza na utawala ulihusu matope. Aligundua kwamba wagonjwa waliotembea vizuri kwenye ukumbi wetu wa mazoezi walirudi kliniki wakiwa hoi. Alipowafuata nyumbani, Nkoaranga, akaelewa: njia ni mteremko mkali katikati ya kahawa na migomba, na fremu ya kutembelea imeegeshwa nyuma ya mlango, haina kazi. Akaanza kuwapeleka wanafunzi huko kila wiki. Akaitwa kujieleza, kwamba basi la chuo linachafuka na wanafunzi wanaweza kuanguka.

“Wagonjwa wetu hawaishi kwenye marumaru,” aliwajibu kikaoni. “Na mwanafunzi anayeogopa kuteleza atamfundishaje mtu kuteremka?”

Leo mtihani wa kutembeza mgonjwa kwenye mteremko upo rasmi kwenye mtaala. Basi bado linachafuka.

Machi 2019, asubuhi akijiandaa kuja kazini, kiharusi kilimwangusha. Upande wa kulia uliishiwa nguvu, na maneno yakawa yanatoka moja moja, kwa shida. Mtaalamu aliyepangiwa kumhudumia hospitalini alikuwa Shamsudin, mwanafunzi wake wa zamani. Sisi tuliokwenda kumtazama tulishuhudia kijana akiinama kwa adabu, “Shikamoo mwalimu,” na kabla marahaba haijamalizika tayari amemshika kiunoni: “Haya, simama. Tena. Tena, mwalimu.” Siku moja mama wa watu alichoka mpaka akalia kwa hasira.

“Nani... alikufundisha... ukatili huu?”

“Wewe, mwalimu,” Shamsudin akamjibu. “Tena.”

Ilipofika Agosti aliitwa kwenye kikao. Mkuu wa idara wa wakati ule, Hans, ambaye ni muungwana na alikuwa na nia njema, alimweleza kwamba utawala unapendekeza astaafu kwa sababu za kiafya. Mkono wa kulia haushiki chaki. Mguu unaburuzika. Darasa lipo ghorofani. Angepata mapumziko anayostahili, na heshima yake ingebaki palepale.

Mwalimu Nosim aliyapanga maneno yake moja moja.

“Miaka yote hii nawaambia wagonjwa hawajaisha,” alisema. “Leo nikubali kwamba mimi nimeisha? Nitawatazama vipi?” Hans alipojaribu kumtuliza, akaongeza, “Nipeni muhula mmoja. Nikishindwa, nitajiondoa mwenyewe.”

Wakampa, wengi wakiamini ni huruma tu.

Jumatatu ya kwanza ya muhula alipanda ngazi kwa fimbo yake, akakataa kila mkono ulionyooshwa kumsaidia. Hans alikuwa ameketi nyuma ya darasa kufuatilia. Wanafunzi wa mwaka wa pili walipomwona mlangoni walisimama wote, wawili wakamkimbilia.

“Kaeni,” aliwaambia. “Nitazameni. Andikeni mnachokiona.”

Akatembea kutoka mlangoni hadi mezani. Alipofika akageuka, akauliza mwendo wake una kasoro gani. Darasa zima likainamisha vichwa; nani amwambie mama wa makamo yale kwamba anatembea vibaya? Hatimaye binti mmoja, Nusura, akanyoosha mkono.

“Samahani mwalimu. Nyonga ya kulia unainyanyua juu mno, na mguu unauzungusha kwa nje badala ya kukunja goti.”

“Vizuri. Kwa nini?”

Nusura akaeleza. Mwingine akaongezea, wa tatu akapinga. Mwalimu akawaita mbele, wamshike goti, wapime misuli, wabishane juu ya mguu wake kama mguu wa mgonjwa yeyote. Baadaye utawala ulipohoji kama ni sawa wanafunzi kumgusa mhadhiri hivyo, alisema mwili ni wake na somo ni lake, waandike lolote wanalotaka. Hawakuandika kitu. Wiki hiyo hiyo Hans alikwenda mwenyewe kuomba pendekezo la kumstaafisha lifutwe.

Tusidanganyane: hakupona kabisa. Mkono wa kulia haukurudi. Alijifunza kuandika ubaoni kwa wa kushoto, kwa mwandiko ambao wanafunzi waliusoma kwa kukisia, na kila aliyelalamika aliambiwa ajaribu yeye. Amefundisha hivyo miaka sita. Aliupigania mlango wa kliniki uwekewe njia ya mteremko kwa ajili ya viti vya magurudumu, akaipata, na yeye mwenyewe hajaipita hata siku moja. Waliohitimu mikononi mwake wapo hospitali za mikoa mingi, na inasemekana wagonjwa huwatambua kwa ule ukali wao.

Anahamia Nduruma, ambako ameshazungumza na zahanati wampe veranda yao ahudumie wagonjwa siku mbili kwa wiki. Tulipomuuliza kama hafikirii kupumzika, alitutazama tu, tukabadilisha mazungumzo.

Mwalimu Nosim, tunakushukuru kwa kila uliyemnyanyua, na kwa vikao vyote ulivyoviharibu. Tunakuombea afya, mvua za wakati wake, na wagonjwa wabishi kupita kiasi, maana hao ndio uliowapenda siku zote.

Zakia Jabiri
kwa niaba ya Idara ya Fiziotherapia