Bantu Bamefika

Bwana Directeur, mon Père, mama Constance bibi ya muzee wetu, wageni toka Makomeno na Kipushi, na nyinyi bote ba imprimerie, nyumba yetu ya kuchapa: jambo kwenu. Munivumilie, maana leo asubuhi nilifanya kitu, na mutaijua.

Tunaagana na muzee Godefroid Mwape. Bakubwa bamesifu namna anafunga magazeti na kamba, na ni kweli anafunga muzuri. Lakini ni nani amesema leo kama muntu huyu alikuwa correcteur? Alisoma gazeti letu mbele ya kuchapwa, na kosa moja ilimunyima kula.

Mwaka 1938 bakubwa ba gazeti bakamuletea habari: « Mifuko mia tatu ya unga na bantu makumi ine zimefika na treni toka Bukama. » Akasema: « zimefika » ni ya vitu; mifuko ifike namna inapenda, bantu bamefika. Bakamujibu: nyinyi benyewe munasema « baba iko », sasa unatufundisha nini? Akasema: « Ndiyo, tunasema baba iko. Lakini mulisikia wapi mutoto anasema baba ilikuja? » Akaenda mwenyewe kwenye mashini, akaweka « bamefika ». Kesho yake bakamutoa kwenye meza, bakamupa kamba ya kufunga magazeti. Miaka kumi na sita ya kamba, na hakuna mumoja wetu alifungua kinywa. Hata mimi.

Na mimi Kunda nilikuwa ndani ya treni ile. Gazeti ile ndiyo kitu ya kwanza nilisoma hapa Élisabethville, sijajua muntu hata mumoja, na ilisema mimi ni muntu, nimefika na bantu. Nikaenda kuomba kazi pale inatoka.

Sasa, Bwana Directeur. Brevet hii, karatasi ya sifa munamupa, mimi ndiye nilipanga herufi zake. Karatasi yenu iliandika: « Godefroid Mwape ilitumika kwetu miaka makumi mbili na mbili. » Ilitumika, sawa na nyundo. Jana nilipanga vile vile, maana niko na batoto bane na ninaogopa. Leo asubuhi nilirudi, nikatoa i, nikaweka a. Sikuomba ruhusa.

Mama Constance, utundike brevet pale wageni banaona. Imeandikwa alitumika. Na kamba ya muzee, kama inabaki bila mwenyewe, Bwana Directeur, na munanitoa kwenye herufi sababu ya a hii, mikono yangu ni hii.

Asanteni kunisikiliza mupaka herufi ya mwisho.