Mshono wa Anatoli Ntirampeba

Ndugu zetu mlioacha shughuli zenu, majirani wa Gitega, wageni mliopanda gari alfajiri kutoka Muyinga, nawe shemeji yangu Letisia pamoja na wanao, mimi ni Yakobo, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu Anatoli Ntirampeba, fundi bati, nami nitayasoma yote, hata pale palipokunjamana, kwa kuwa yeye mwenyewe aliniagiza hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Mei 1964 huko Giteranyi, mkoani Muyinga, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Bonifasi na mama Imelda, na mwaka 1972 alivuka mpaka kuingia Tanzania akiwa amenibeba mgongoni, jambo alilonikumbusha kila tulipogombana, hata baada ya mimi kupata wajukuu.

Alisoma shule ya msingi katika makazi ya Katumba, karibu na Mpanda, kuanzia 1974 hadi 1981, na mwaka uliofuata akaenda Tabora kujifunza ufundi bati, ambako kazi ya kwanza aliyofundishwa ilikuwa kupiga mgongo, yaani lile tuta jembamba linaloinuliwa kwenye bati kwa nyundo ya mti, kwa sababu bati lililo tambarare hucheza na kulia kila likiguswa, lakini likishapata mgongo hutulia na kubeba mzigo, na ukingo wake ukikunjwa juu ya waya haumkati mtu mkono. Kaka aliupenda mgongo kupita kiasi, akaupiga kwenye ndoo, kwenye karai, kwenye mifuniko ya sufuria, hata kwenye sanduku langu la nguo ambalo halikuwa na shida yoyote.

Tarehe 15 Julai 1989 alifunga ndoa hapo Katumba na Letisia, binti wa familia iliyotoka hapa Nyarusange, mkoani Gitega, na wazee waliokuwepo bado wanacheka wakikumbuka kwamba siku ya kujitambulisha alibeba ndoo ya migongo mitatu, akaifudikiza mbele ya baba mkwe, akamwomba mzee apande, mzee akapanda, ndoo haikubonyea hata kidogo, na inasemekana mazungumzo ya mahari yalianza mzee akiwa bado amesimama juu yake. Mungu aliwajalia watoto wanne, Jeska, Matata, Bahati na Gaudensia, na huyo Jeska ndiye anayeshika karakana ya baba yake leo.

Mwaka 2009 familia ilirudi Burundi, na kaka akafungua karakana mjini Muyinga pamoja na rafiki yake Hussein Nassoro, mtoto wa mjini, fundi wa kulehemu ambaye mshono wake ulilala kwenye chuma kama magamba ya sangala, mmoja akipiga migongo na mwingine akiunganisha, wakala pamoja Idi na Noeli, na sisi wengine tukawa tunawaonea wivu.

Oktoba 2014 wawili hao walitengeneza tangi la maji la kituo kimoja cha afya upande wa Giteranyi, na kaka, akitaka rangi ing'ae, akachukua grainda akasaga lile tuta la mshono mpaka likalingana na bati, ingawa Hussein alimwambia, "Anatoli, hii tuta njo nguvu yenyewe, ukiisaga utabakisha rangi tu." Tangi lilipandishwa, likajazwa, likachanika palepale kwenye mshono, maji yakaenda kulala kwenye maharage ya jirani, hakuna aliyeumia, lakini kina mama waliojifungua waliendelea kuchotewa maji bondeni, na kaka, mbele ya watu wote waliokuja kushangilia, akasema vijiti vya kulehemu vya Hussein vilikuwa na unyevu, na kijiti chenye unyevu hutoa mshono dhaifu. Hussein alipakia mashine yake kwenye baiskeli akaondoka, na tangu siku hiyo sokoni Muyinga akaitwa fundi wa vijiti vibichi, wateja wakampungukia, na jina hilo likamkaa.

Kaka alitengeneza tangi lingine kwa gharama zake, mshono akauacha na tuta lake, na tangi hilo lipo mpaka leo, kisha mwaka 2019 akahamia hapa Gitega, akatengeneza milango, majiko na makabati, akala vizuri, akanenepa, akawa mtu wa furaha, akimfundisha Jeska kwamba unasaga pale tu mkono au nguo itakapopita, lakini panapobeba maji au uzito tuta liachwe, na mteja akisema mshono wake ni mbaya alimwambia aangalie upande mwingine wa mlango.

Agosti 2023 alianza kuumwa figo, akatibiwa hapa Gitega, naye hakulalamika sana, alisema ameishi vizuri na ameoa vizuri, ila kulikuwa na jambo moja lililomnyima raha, nalo ni jina la Hussein. Januari mwaka huu alikaa kitandani na nyundo yake, akapiga bati la kuandikwa jina lake kwenye msalaba wa chuma, migongo miwili, ukingo juu ya waya, akamkataza Jeska asiliunganishe na msalaba, akalituma Muyinga pamoja na maneno haya tu, kwamba Hussein aambiwe vijiti vilikuwa vikavu.

Jumapili tarehe 26 Januari Hussein alishuka mlangoni na mashine yake na lile bati, akakaa, akanywa chai yote, halafu akasema, "We ulijua?" Kaka akamjibu kwamba alijua jioni ileile, alipougusa ukingo uliochanika na kuukuta mwembamba kama karatasi, na kwamba aliona aibu, na aibu ikazidi kunenepa kila mwaka. Hussein akasema, "Ile maneno uliisema mbele ya watu, Anatoli," kaka akasema nayo itarudi mbele ya watu, akaninyooshea mimi kidole, na hapo Hussein akainuka akasema, "Bon, leta hiyo msalaba, mi nitaisude na bati, kuibeba mtaibeba nyinyi wakristo," akimaanisha atalilehemu bati juu yake, wakacheka hadi shemeji Letisia akaja kuwakemea kwa ajili ya mgonjwa.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, alfajiri, akiwa na mkewe, na leo tunampumzisha hapa Nyarusange, kwa wakwe zake waliompokea pamoja na ndoo yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea kuni na chakula, mafundi wenzake waliofunga karakana zao, na waumini wa msikitini Muyinga waliokuja na Hussein. Jana kijana mmoja mwema alileta grainda ili alainishe msalaba kabla ya kuupaka rangi, Jeska akamrudisha, basi mtakapopita karibu guseni, mtalikuta tuta lote liko mahali pake.

Sasa natimiza nilichotumwa. Watu wa Gitega na watu wa Muyinga, kaka yangu anawaambia kwa kinywa changu kwamba tangi lile alilichana yeye, na vijiti vya Hussein Nassoro vilikuwa vikavu.

Kaka, nimekufikishia mzigo wako, pumzika kwa amani.