Breki, Aliyekataa Kuita Hoteli Nyumba

Marehemu ndugu yetu, ambaye kazini na hata mtaani wengi mlimjua kwa jina la Breki, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mkunga. Mimi ninayesoma ni dada yake, kitinda mimba wa nyumba hiyo. Kamati imeniomba nisome taratibu na nisimkwaze mtu. Kusoma taratibu nitajitahidi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akaendelea na sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu alikohitimu shahada ya biashara mwaka 1986. Tangu utotoni hakuwa mtu wa kupelekwa pelekwa. Baba alipotutengenezea kitanda cha ghorofa, marehemu alikataa kabisa kulala juu mpaka Baba na kaka mkubwa wapande kwanza, wote wawili kwa pamoja. Wakapanda ili kumnyamazisha. Kitanda kikaanguka na mbao zake zote. Baba aliwasimulia wageni kisa hicho mpaka uzeeni, na kila mara alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Mwezi Julai 1987 aliajiriwa benki kama karani wa mikopo, na mwaka 2006 akawa mkuu wa idara ya vihatarishi. Najua wengi wenu mlipiga miayo kila alipoeleza kazi yake, basi leo mtamsikiliza, maana hamna pa kwenda. Ziko kanuni za kimataifa za mitaji ya benki, zile zinazoitwa za Basel. Zinataka wenye benki waweke fedha zao wenyewe nyuma ya kila mkopo, ili mkopo ukichacha, hasara iwaume wao kabla ya kumfikia mteja. Mkopo wenye hatari kubwa hudai mtaji mkubwa. Mkopo wa nyumba ya kuishi huhesabiwa kuwa na hatari ndogo, kwa hiyo hudai kidogo. Kazi ya marehemu ilikuwa kuhakikisha hakuna anayedanganya kwenye hesabu hiyo, na ndiyo maana wakamwita Breki. Hawakumpa jina hilo kwa mapenzi.

Mwaka 2014 benki ilimkopesha shemeji wa mkurugenzi mkuu fedha nyingi za kujenga hoteli. Mtaji wa kubeba mkopo ule haukuwapo. Basi likaletwa wazo kikaoni kwamba hoteli iandikwe kuwa ni nyumba za kuishi.

"Hoteli ni nini kama si nyumba?" mkurugenzi mkuu aliuliza. "Watu si wanalala humo?"

"Bosi, hata mochwari watu wanalala," marehemu akamjibu.

Kikao kizima kiliangua kicheko, isipokuwa mtu mmoja. Marehemu alikataa kutia saini. Aliripoti kwa wasimamizi wa mabenki kama kanuni zinavyotaka, nao walikuja, wakanywa chai, wakasema suala linafanyiwa kazi. Kabla mwezi haujaisha alihamishiwa idara ya majengo, kusimamia viti vibovu na mafundi wa viyoyozi. Aliyepewa nafasi yake alitia saini kabla hata hajajua choo kiko wapi. Mwaka 2017 benki ikafungwa. Hoteli yenyewe ilikuwa bado nguzo na kokoto.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1990 na mwalimu wa chekechea, wifi yangu huyu aliyeketi mbele, na wakajaliwa mabinti wawili. Walipendana, na waligombana kama watu wanaopendana. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya akiba yao, iliyokuwa yote katika benki ile ile. Wifi alimbembeleza waitoe mapema.

"Nikitoa yetu kwa sababu ya siri niliyoijua kazini, na wengine wasiojua wamekaa, mimi nitakuwa nani?" alimwambia.

"Utakuwa baba wa watoto wako," wifi akamjibu.

Hakutoa. Benki ilipofungwa, akiba yao ikazama pamoja na ya wengine, na wao wakaambulia kile kidogo kinacholipwa na bima ya amana. Nalisema hili kwa sauti, na nitalisema mara ya pili kwa wale walioko nyuma ya hema: hakutoa fedha zake. Wifi alipoyasema haya miaka ile, mlimwambia anamkingia mumewe kifua.

Kaka yetu mkubwa alikuwa amestaafu, akiwa na kiinua mgongo chake mkononi. Alimuuliza marehemu mapema, kabla benki haijafungwa, mezani kwangu, nikiwa napakua chakula, "Mdogo wangu, nikiweka kwenu patakuwa salama?"

"Kaka, usiweke vyote mahali pamoja. Gawanya," marehemu akamwambia.

"Na riba yenu ilivyo nzuri hivi?"

"Gawanya, kaka."

Alikuwa ameapa kutunza siri za benki, na huo ndio mwisho wa alichoweza kusema. Kaka hakugawanya. Benki ilipofungwa alikuja juu: "Ulijua! Ulijua ukaninyamazia!" Marehemu alimwambia alikuwa amekula kiapo. Kaka akasema kiapo cha kuua ndugu zako si kiapo. Hawakuzungumza tena. Mtaani nako yakazuka maneno kwamba Breki alitoa zake mapema, anazo mahali, anajifanya fukara. Mliyapokea maneno hayo kwa mikono miwili kwa sababu yalikuwa matamu.

Mwaka 2021 figo zake zilishindwa. Daktari alisema binti yake mkubwa anafaa kumpa figo moja, na binti alikuwa tayari, lakini upasuaji ulihitaji fedha nyingi. Tukafungua kundi la michango kwenye simu. Mmoja aliandika, "Huyo si ana zake?" Mwingine akaweka kikatuni cha kucheka. Wengine walitoka kundini bila hata kuaga. Kilichopatikana hakikufika hata robo. Alitakiwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Tulianza na tatu, tukashuka mbili, mwisho tukabaki na moja. Alifariki Jumanne, tarehe 13 Juni 2023, alfajiri, wifi akiwa amemshika mkono. Niliwachukia, na bado nawachukia kidogo.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, mimi dada yake, na kaka mkubwa, ambaye amenunua jeneza hili zuri.

Mweka hazina wa kamati amenionyesha hesabu asubuhi hii. Hema, magari na vyakula vyote vimelipwa, na michango ya mazishi bado inaingia. Mlichotoa wiki hii kinazidi gharama ya upasuaji ule. Kamati ilimuuliza mjane kilichobaki kifanyiwe nini, wakidhani atasema apewe, na haki hiyo anayo. Amesema kirudishwe kwa wenyewe, kila mtu kwa kiwango chake, kwa sababu mume wake hakuwahi kubaki na cha mtu. Mezani, karibu na lango, mtakuta kijana mwenye bahasha zenu. Tafadhali msizikatae. Wifi amesema anayeikataa bahasha yake aende akamweleze marehemu mwenyewe.

Apumzike kwa amani, aliyoikosa mikononi mwetu.