Séraphin Bahizire, Aliyengoja Chuma Kirudi

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo katika Brussels hii, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Séraphin Bahizire, mwana wa Bukavu, mkemia, aliyetutoka mwezi huu wa Machi 1999 kwa ugonjwa wa moyo. Séraphin Bahizire. Wengi mlimjua pale sokoni Flagey: mrefu, miwani imefungwa kwa uzi, akibishana na muuza samaki kama samaki ni wa leo au wa juzi, na huku anacheka.

Kazi yake ilikuwa chuma. Si chuma cha msumari, la. Ni chuma kilichofungwa ndani ya poda, kimezungukwa na chembe za nitrojeni. Poda hiyo ni nyeupe. Ukiipoza sana inageuka zambarau, kwa sababu elektroni za kile chuma zinajipanga upya: zilizokuwa zimetawanyika sasa zinakaa mbili mbili. Hapo ukiimulika kwa taa ya kijani, inakuwa nyeupe tena, na katika baridi ile kali inakwama hivyo hivyo. Ipe joto kidogo tu, na pole pole inarudi zambarau. Séraphin alikuwa akipima mwendo wa kurudi huko.

"Ni kazi ya kungoja," alizoea kumwambia mkewe, Claudine. "Ukitoka katikati, donc umeharibu yote."

Mapema mwaka 1997, vita ilipokwisha kuingia Bukavu, mdogo wake Noé alipata njia ya kuja Ulaya. Treni yake ingefika stesheni ya Gare du Midi mchana. Sasa sikilizeni. Kwao, kumpokea mgeni ni kumpokea mzigo. Mkubwa wa nyumba anakwenda mwenyewe, anautoa mfuko mkononi mwa mgeni. Asipoutoa, mgeni hajakaribishwa. Ndivyo walivyolelewa wote wawili.

Lakini siku hiyo hiyo ikafika zamu ya Séraphin ya kutumia heliamu ya kupozea, zamu aliyoisubiri msimu mzima. Poda ilikuwa imekwisha kumulikwa, imeanza kurudi. Claudine naye alikuwa kazini, kwenye nyumba ya wazee. Séraphin akajiambia: bado kidogo, Noé atavumilia. Kidogo kikazaa kidogo kingine. Alipofika stesheni, Noé hayupo. Alikuwa amekutana na jirani wa zamani wa Bukavu, akaenda naye mji wa Liège, mfuko wake ameubeba mwenyewe.

Noé aliniambia hivi: "Nilisimama pale na baridi. Kila muntu anapokelewa, miye hapana. Nikasema, bon, kaka yangu, grand frère, hanitaki. Alors nikaenda."

Séraphin alikosea, wasikilizaji, na sitamfunika kwa sababu amekufa. Heliamu ingepatikana tena. Alipiga simu Liège, Noé akakataa kuishika. Basi, mkubwa akabaki na aibu yake, mdogo na uchungu wake, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze.

Vuli iliyopita, Jumapili moja, Noé akapanda treni kwenda kupatana. Makusudi hakubeba mfuko, asije akamkumbusha kaka yake lile kosa. Aliposhuka Gare du Midi, akamwona Séraphin amesimama mwisho wa jukwaa, akiwatazama abiria mikono. Noé akadhani anangoja profesa fulani, mgeni wa maana. Roho ikamuuma upya: kumbe wengine anawapokea! Akapita nyuma ya nguzo, akaenda zake mtaa wa Chaussée de Wavre kununua sombe, yale majani ya muhogo, akarudi Liège.

Hakumwona tena akiwa hai.

Ni juzi tu, kwenye matanga, alipolitaja jambo hilo mbele ya Claudine. Claudine akaiweka chini sahani aliyoishika.

"Profesa gani, shemeki? Ni weye alikuwa anangoja. Kila dimanche, kisha misa, anaenda kungoja train ya Liège. Anasema, 'Noé akikuja, sac yake, ule mfuko, nitaipokea miye.' Anaangalia tu bantu mikono."

Nilimuuliza Noé alijibu nini. Akaniambia: "Nilipita nyuma yake, karibu ningemugusa. Alikuwa anatafuta mutu wa sac. Na miye sikubeba sac."

Siku ya maziko, Noé alilishika jeneza mbele, na watu walipotaka kumpokea alikataa.

Kwako Claudine, kwako Noé, na kwa ukoo wote wa Bahizire huku na kule Bukavu, poleni sana. Mungu awape nguvu. Nasi tuliobaki tujiulize. Chuma cha Séraphin kilihitaji joto kidogo tu ili kirudi. Kama kuna ndugu unayengoja aanze yeye, izime redio hii sasa hivi, sitakasirika. Nenda ukampokee mzigo.