Ukuta wa Mama Msumari

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Msumari, alizaliwa tarehe 9 Juni 1954, mtoto wa tatu na binti pekee wa mchoma matofali, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, kisha akapelekwa kwa shangazi yake kujifunza ushonaji, na kabla hajafika miaka ishirini alikuwa akishona sare za shule kwa cherehani yake mwenyewe.

Tarehe 15 Machi 1975 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori, ambaye naye ametangulia, wakajaliwa mabinti watatu, ambao ndio sisi tuliosimama hapa mbele.

Januari 1988 aliamua kuongeza chumba cha kushonea ubavuni mwa nyumba, na kwa kuwa mdogo wake baba ni fundi ujenzi, kazi alipewa yeye, ambaye leo ameketi safu ya kwanza, kwa hiyo hatumsengenyi, anatusikia. Kila asubuhi fundi alichanganya saruji na mchanga rundo zima kwa mkupuo mmoja, akajenga kozi chache, yaani mistari ya matofali, akaenda kula na kujinyoosha, na aliporudi akakuta mchanganyiko umeanza kuganda alisema, "Shemeji, ongeza maji," akaugeuza kwa koleo mpaka ukalainika, akaendelea kupanga matofali. Marehemu alimwambia kwamba saruji ikishaanza kushika haifufuliwi, akajibiwa, "Wewe beba maji, haya mengine tuachie wenyewe."

Ukuta ulianguka tarehe 2 Aprili, mvua ya kwanza, marehemu akiwa kwenye cherehani, ukamponda vidole vya mkono wa kulia, ambavyo havikushika sindano tena. Kwenye kikao cha familia fundi alisema ni mvua, wakubwa wakasema fundi anajua kazi yake, na marehemu akaambiwa ashukuru yuko hai. Hakushukuru.

Kiangazi kilichofuata aliujenga upya kwa mkono wa kushoto, sisi tukimshikia kamba, akichanganya kidogo kidogo, saruji na mchanga vikavu kwanza mpaka rangi ikawa moja, kisha akichimba shimo katikati na kumimina maji kwa kikombe, akilowesha matofali yasinyonye maji ya mchanganyiko, na ule ulioanza kushika akiutupa. Pembeni alibakiza makusudi kipande cha ukuta wa shemeji yake, kimo cha goti.

Tangu hapo aliishi kwa kuuza nyuzi na vifungo chumbani humo, na kila aliyetaka kumwita fundi yule alipitia kwanza dukani kwake, naye hakumsema mtu, alitoa msumari tu, mgeni akwaruze ukuta wake, ambao haukutoa hata unga, kisha akwaruze kile kipande, ambamo msumari ulizama kama kwenye mkate. Akiulizwa hiki kajenga nani, alijibu, "Ongeza Maji," na jina hilo likamganda shemeji yake mtaa mzima, likamkosesha kazi, akaishia kulinda ghala. Waliomsihi marehemu amsamehe aliwaambia yeye hana neno, ila vidole bado havijaafiki.

Agosti mwaka jana alianza kusumbuliwa na figo, akalazwa mara tatu, na mara ya mwisho fundi alikuja wodini akasema, "Shemeji, tuyamalize." Marehemu akamwambia, "Tutayamaliza. Kaburi langu litajengwa kwa matofali, wanangu watachanganya, wewe utabeba maji. Na mwiko usiuguse." Fundi alitaka kucheka, akaona mwenzake hacheki, akakubali, muuguzi akiwa shahidi. Marehemu alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Novemba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi msibani, na washonaji wenzake waliofunga maduka yao kuja kumsindikiza. Shukrani za pekee ni kwa fundi, baba yetu mdogo, aliyebeba ndoo tangu alfajiri ya leo mbele ya watu wote, akasimama kando hadi kozi ya mwisho, na alipouliza kama aongeze kidogo, akajibiwa na mdogo wetu wa mwisho kwamba hapana, baba, yanatosha.

Mama, pumzika kwa amani, ukuta umeshika.