Ramani Iliyoipenda Playón

Sikutaka kuisimulia hii. Wanaonisumbua niisimulie ni wale wale waliokuwepo, na walikuwa na midomo mirefu siku ile. Leo wananiambia, "Eleza wewe, Bibi Hermelinda, sisi tutakosea." Watakosea makusudi, nawajua. Shule mimi niliishia kwenye kujumlisha. Basi nitaeleza kama ninavyouza kahawa: ya moto, bila maziwa, na wa kuungua ulimi aungue.

Kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya karakana ya pikipiki, juu kidogo ya daraja, mahali ninapoegesha kitoroli changu cha chupa za kahawa. Mchana ule wa Novemba kwetu kulikuwa na jua, lakini juu mlimani kulikuwa kweusi tangu alfajiri, kama chungu kilichosahauliwa motoni. Walikuwepo watatu: Koplo, aliyetoka jeshini na cheo kile kile alichopewa mwaka wa pili, Nusu Padre, aliyefukuzwa seminari kwa ajili ya mpishi, na Don Evelio, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, mtu pekee kwetu aliyekuwa akipandisha ghorofa. Kijiwe kina sheria moja: mto hautajwi jina. Ukiutaja, unawanunulia wote kahawa. Tumefanya hivyo tangu mwaka ule uliposhuka na matope na mawe makubwa kama malori, ukaifagia Playón, uwanda ulio chini ya daraja, nyumba na wenye nyumba. Toka hapo tunauita Yule Mwanamke. Na mchana ule, hapo hapo Playón, ndipo kilipokuwa kikifunguliwa kituo kipya cha michezo ya nje, chenye ukuta wa kukwea, kamba za kubembea na mahema. Watoto wa shule nzima walikuwa huko, na mjukuu wangu Nury alikuwa miongoni mwao.

— Nasema tena, — alianza Koplo, — ile ramani ya kompyuta haikuichagua Playón bure. Setilaiti imeona kitu chini.

— Imeona nini?

— Dhahabu. Dhahabu ina joto lake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndiyo maana setilaiti ikawekwa juu.

— Sasa kuinama na kuwa juu vinaingilianaje?

— Wewe ulisomea sala, Nusu Padre. Mambo ya anga niachie mimi.

Don Evelio akacheka kidogo. Alikuwa akigeuza simu mkononi, anaiangalia, anaigeuza tena.

— Acheni kamba. Wahandisi walieleza hadharani, ukumbini. Wana ramani kama matabaka. Tabaka la kwanza, mteremko. La pili, barabara. La tatu, nyumba za watu. La nne, pale ambapo maji yamewahi kufika. Unayapanga yote, kompyuta inatafuta mahali panapofaa katika kila tabaka. Hakuna uchawi hapo, mzee wangu.

Hilo nililielewa siku ile ile ukumbini. Anika mashuka manne kuukuu kwenye kamba, moja nyuma ya jingine. Jua litapenya pale tu ambapo yote manne yametoboka. Jua lilipenya Playón: tambarare, barabara ipo, nyumba ya kuhamisha hakuna hata moja.

— Kompyuta haina ndugu, — akasema Nusu Padre. — Inaona kama Mungu anavyoona, kutoka juu, bila upendeleo. Haiwezi kukosea.

— Mungu anajua na yaliyopita, — nikamwambia. — Kompyuta inajua ulichoilisha.

— Bibi, haraka haraka haina baraka.

— Nani ana haraka hapa? Kunywa kahawa yako.

Nikaenda kwenye bomba la karakana kujaza sufuria. Bomba letu linatoka kwa Yule Mwanamke, juu kule kwenye chujio la mtaa. Maji yakatoka membamba kama uzi, rangi ya matofali. Bomba likakohoa mara mbili, likatoa upepo. Basi.

Nikaangalia mlimani. Weusi ulikuwa umeongezeka, na umeme ulikuwa ukimulika ndani ya wingu. Nikaangalia chini ya daraja. Mawe yaliyokuwa yamefunikwa asubuhi yalikuwa nje, yanang'aa, na kwenye kidimbwi samaki wadogo walikuwa wakirukaruka.

Nikarudi na sufuria tupu. Walikuwa wameshaniona.

— Mimi nasikia, — Koplo akasema, haraka kuliko kawaida yake, — shemeji wa meya ndiye aliyeitengeneza kompyuta.

— Kompyuta haitengenezwi na shemeji.

— Aliibonyeza. Aliilipa chakula.

— Kompyuta hulipwa chakula?

— Sasa nisikilize. Hakuna dhahabu, wala hakuna shemeji. Ni bima. Wanajenga, wanasubiri, kituo kinasombwa, bima inalipa. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Funga mdomo, Koplo, — akasema Don Evelio. — Wapo watoto kule.

— Ndiyo nasema wapo watoto.

— Maji yakimwagika hayazoleki, — akasema Nusu Padre. Nadhani alitaka kusema kwamba mto uliokwisha kumwagika hauwezi kumwagika tena. Alianza kusali bila kuachia kikombe.

Hapo ndipo lilipokuja basi la njano na kuegesha mbele yetu. Dereva alikuwa kijana wa bondeni, kwenye joto, wala hatukuwahi kumwona. Jina lake Wilmar. Alikuwa amewashusha watoto Playón asubuhi, akaambiwa awafuate saa kumi.

— Shikamooni wazee. Mama, nipatie ya moto.

Nikammiminia iliyobaki, nusu kikombe na machicha yake.

— Imeisha?

— Imeisha. Maji hakuna.

Akaitazama sufuria. Akalitazama wingu. Akachungulia darajani kama mtu anayetafuta kitu kilichomdondoka.

— Samahanini, mimi mgeni. Mvua yote ile iko juu. Maji ya mto yameenda wapi?

Koplo, mwenye jibu la setilaiti na la bima, alikuwa akitazama viatu vyake. Sisi tuliozaliwa hapa tunajua maji huenda wapi. Mlima hubomoka, miti na udongo huziba koo la mto, nyuma yake panajaa, panajaa. Mwaka ule pia bomba lilikohoa kwanza.

— Shuka la nne, — nikasema.

— Bibi, tafadhali, — akasema Don Evelio.

— Shuka la nne ulilitoboa wewe. Walikuja na vioo vyao vya kuandikia, wakauliza nyumba hadi nyumba, mto umewahi kufika wapi. Na wewe ulikuwa umetangulia mbele yao, mlango kwa mlango: "Semeni haujawahi." Kwa sababu majirani zetu wa Bellavista walisema kweli wakapakwa rangi nyekundu kwenye ramani, hawaruhusiwi kujenga hata banda la kuku. Na wewe zege la ghorofa lilikuwa bado bichi.

— Mlisema wenyewe. Sikumshika mtu ulimi.

— Tulisema. Na sasa?

Akapiga simu. Kule Playón simu haishiki, tunajua sote, lakini alipiga. Akapiga tena. Jasho lilikuwa likimtoka kwenye masharubu aliyoyachonga kwa ajili ya sherehe ya jioni.

— Kijana, — akamwambia dereva, — geuza basi. Walete watoto.

— Walimu watanikubali mimi? Niwaambie nini?

— Waambie… waambie Yule Mwanamke anakuja.

— Mwanamke gani?

Don Evelio alifungua mdomo, akaufunga. Sote tulimtazama. Hata mimi nilikuwa nimeubana ulimi kwa meno, Nury akiwa kule.

— Guasimal, — akasema. — Mto Guasimal. Umezibwa juu, na ukiachia unapita Playón. Umepita zamani. Ulimchukua mama yangu. Twende, nitawaambia mwenyewe.

Hakuna aliyedai kahawa.

Wakaondoka. Tukabaki watatu, na chupa tupu, na bomba lililoachwa wazi. Koplo alitaka kusema kitu kuhusu breki za mabasi ya njano, nikamwambia ajaribu tu aone. Nusu Padre alikuwa amekosea sala, anarudia mstari mmoja. Mbwa wa karakana akaondoka mwenyewe, mkia katikati ya miguu, akapanda njia ya makaburini bila kuangalia nyuma.

Kwanza ikaja harufu. Udongo mbichi na majani yaliyosagwa, kama kaburi linalochimbwa. Halafu benchi likaanza kutetemeka chini yetu, taratibu, kabla hatujasikia sauti yoyote.

Basi likatokea kwenye kona likipiga honi mfululizo, watoto wamepakiana hadi kwenye ngazi, walimu wananing'inia mlangoni. Wilmar hakusimama. Alipita darajani moja kwa moja, akapanda njia ya makaburini, nasi tukamfuata mbio kwa miguu hii ya kizee, na tulipofika makaburini, mto ukapita. Sitaueleza. Daraja lilikuwepo, halafu halikuwepo. Nilimwona Nury amevaa kofia ya plastiki ya kukwelea ukuta, kiatu kimoja hana. Nikampiga kofi la mgongo, kisha nikamshika.

Kituo hakikubaki hata kigingi cha hema. Watoto walibaki wote.

Don Evelio alienda mwenyewe mkoani akakiri uongo aliotufundisha mlango kwa mlango. Wahandisi wakaja upya, na safari hii kila mlango ulisema kweli, maana ilikuwa imeandikwa ukutani kwa matope. Shuka la nne likazibwa tundu. Mtaa wetu ukapakwa nyekundu mpaka kanisani, na amri ya kwanza ikaangukia ghorofa yake. Aliibomoa kwa nyundo yake, tofali kwa tofali, Koplo akimshikia ngazi na kumweleza makosa ya nyundo.

Ghorofa ile ilikuwa ya Marleny, bintiye wa pekee, aliyekuwa arudi kutoka Uhispania aishi naye juu pale. Siku alipomaliza kubomoa alikuja kijiweni, vumbi hadi kwenye kope, akampigia simu akiwa amekaa kati yetu.

— Usirudi, mwanangu. Chumba hakuna tena. Hapa kuna mto.

— Yule Mwanamke, baba? Hujawahi kuniambia hata jina lake.

Akamtajia jina lake, mchana kweupe, mbele yetu sote. Halafu akakata simu, akatoa pesa, akaninyooshea vidole vinne. Nikamimina.