Joka la Darajani

"Mimi nimekuwa nikiacha gemu tangu usichana wangu," alisema mama mmoja kwenye kiti cha basi kilicho mbele yangu, kwa majivuno ya mtu aliyeacha sigara. Aliacha alipoolewa. Mimba ilipomlaza kitandani, akarudia. Akaacha tena mtoto alipoanza kutafuna waya. "Mwezi uliopita mashine ya gemu nilimpa mke wa mwanangu. Basi, yamekwisha!"

Jirani yake wa kiti, fundi rangi asiyemjua hata kidogo, akacheka. "Na sasa unakwenda wapi, mama?"

"Kwa huyo huyo mkwe. Kumwona mjukuu."

"Mjukuu tu?"

"Na lile joka la darajani! Limetutoa jasho, mwanangu!"

"Mama, hayo mambo ya watoto. Mtu mzima ana..." Akajikuna shingo. "Kwani mnalipiga na nini?"

"Mishale."

"Mishale! Mtazeeka hapo darajani!"

Basi likasimama, mama akashuka mbio bila kusikia zaidi. Tulipoondoka, fundi alitoa kichwa dirishani: "Shoka, mama! Chukua shoka, lenga shingo!"

Foleni nzima ya kituoni ikatawanyika. Mama peke yake alibaki amesimama, akipunga mkono kushukuru.